Bamba Nililolitia Jina Langu

Mizuka ya watu wengine huwajia usiku, kwa adabu. Wangu alikuja saa saba mchana, jua la Oktoba likiwaka, nami nikiwa nimeshiba bukari, ugali wa kwetu, na sina hata tone la pombe kinywani. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua wasomaji wangu: mtu aliyepita chuo kikuu akianza habari za wafu, mnatafuta chupa ilipo. Msiitafute. Haya yalinipata mimi, katika mji huu, enzi za Wabelgiji, ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, na ushahidi ninao mkononi na shingoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mwanafunzi katika karakana ya sanaa ya Mfaransa mmoja. Tulimwita Bwana Kiko, kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni. Alitoka Bretagne, na hakuchoka kutusimulia jinsi watu wa kwao, siku ya sikukuu ya mtakatifu wao, wanavyovaa kofia za lesi za bibi zao na kuandamana na mazumari. Mwaka ule mji wake ulikuwa unaandaa maonyesho ya sanaa na mila, naye akaahidi kupeleka kazi zetu. Na mwanafunzi mmoja, mmoja tu, angepanda meli pamoja nazo.

Mnaelewa? Ufaransa! Mimi ambaye sijawahi kufika mbele ya migodi ya Kambove.

Kila mtu alijua nani angekwenda: rafiki yangu Mwamba, Mkasai mwenye vidole virefu, ambaye akichora samaki unamsikia akipumua. Mimi nilikuwa na Kifaransa kizuri. Kipaji sikuwa nacho. Niliwahi kuchora ndege watatu. Bwana Kiko akawatazama, akavuta kiko, akaniuliza kwa upole kama ni viatu.

Basi mchana mmoja, Wazungu wamelala usingizi wao wa mchana na wenzangu wamekwenda kula, akaingia mtu. Mrefu, mwembamba, miguu mitupu, mwekundu kwa vumbi la mgodi. Aliingia ubavu ubavu kama kaa, akaketi chini, mgongo umegusa ukuta.

"Natoka Kambove," akasema. "Unipatie nyundo na kile kipande ya mukuba."

Kwa nini nilimpa? Hata leo sijui. Alilaza bamba la shaba juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kupiga. Kazi hii, kwa asiyeijua, hufanywa kinyume: unalipiga bamba kwa nyuma ili sura ivimbe mbele. Fundi yeyote huligeuza kila mara aone amefika wapi. Huyu hakuligeuza hata mara moja. Alinitazama machoni, akapiga, siku tatu mfululizo, saa ileile, bila jasho. Akiondoka alitoka kinyumenyume mpaka nje ya mlango, uso ukinielekea. Nilidhani ni heshima. Nisiwafiche, nilivimba kichwa kidogo.

Siku ya tatu akaligeuza. Wanaume saba kwenye mstari, wamefungwa kamba moja shingoni, vikapu vya mawe vichwani. Sita walikuwa na nyuso zilizonirudisha nyuma hatua nzima. Wa saba alikuwa na mwili tu. Mahali pa uso shaba ilikuwa laini, haijaguswa.

"Uiache hapa, bantu baione," akasema. "Jina usiandike. Haiko kazi ya muntu mumoja. Ni ya bale benye kuwa mu kamba."

"Sawa, baba," nikajibu.

Akaondoka. Nikachukua msumari. Bwana Kiko alikuwa ametufundisha kwamba kazi isiyo na saini ni yatima, nami nikajifanya baba.

Bwana Kiko alipoliona bamba, alilia. Kiko kilimdondoka. Akanishika mabega akasema mbele ya wote kwamba nitapanda meli. Mwamba alilitazama bamba, akanitazama mimi.

"Weye? Weye unashindwa ata kupiga musumari mu ukuta!"

"Kipaji kilikuwa kimelala."

"Kililala wapi, mon vieux? Kwa jirani?"

Tulishikana mashati. Wenzetu walipotuachanisha, Mwamba alitema mate, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Ile mikono ya mwizi, siku moja bataibunja!"

Kesho yake saa saba nilikuwa peke yangu karakanani, nikilipanga bamba ndani ya sanduku lenye majani makavu. Mlango ukajifunga. Nikainua macho. Yule mtu wa Kambove alikuwa amesimama katikati ya chumba, kwa mara ya kwanza mbali na ukuta, amenipa mgongo.

Niaminini: mgongo hakuwa nao. Alikuwa kama upande wa nyuma wa bamba. Kisogoni niliona pua iliyobonyea ndani, mashimo mawili ya macho, mdomo uliozama. Chini yake mbavu kama mitaro. Na kila mahali alama za nyundo, mviringo, zimebanana. Alikuwa mtu aliyepigwa kutoka nyuma mpaka sura yake ikatokea mbele.

"Ulikuwa mu kamba?" akauliza bila kugeuka.

"Baba, mimi nilitaka tu..."

"Nakuuliza. Ulikuwa mu kamba yetu?"

"Hapana."

"Lakini jina yako iko pale." Akageuka taratibu. "Bon. Basi, ingia."

Alinikamata kifundo cha mkono, akaulaza mkono wa kulia juu ya fuawe, akapiga. Mara mbili, vidole viwili, vile vilivyoshika msumari. Vilitoa mlio wa karanga zikivunjwa. Nilipopata pumzi ya kulia, alikuwa amenitupa kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, goti lake shingoni, na nyundo ikaanza mgongoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipiga kifundi: pigo, pumzi, pigo. Nilisikia mbavu ikikatika. Nilihisi uso wangu ukivimba mbele, ndani ya mchanga, kama unaotengenezwa. Kitu kilinikaza shingoni, kikavutwa, na pande zote nikasikia watu wakihema, wengi, wakisubiri kama watu wanaosubiri mwenzao ajitwike mzigo ili safari iendelee.

Mwamba ndiye aliyenikuta. Alinibeba mgongoni mpaka hospitali, damu yangu ikimchuruzikia hadi viatuni. Na kwa damu hiyohiyo wakamkamata, kwani maneno yake ya jana kila mtu aliyasikia.

Kamishna wa polisi alikuja kitandani pangu. "Ni yeye?"

Neno moja lingetosha. Lakini nikisema si yeye, ataniuliza ni nani, na kwa nini, na bamba lile ni la nani hasa. Na meli itaondoka bila mimi. Nikafumba macho, nikajifanya nimezimia. Nilijifanya vizuri sana. Huenda hicho ndicho kilichokuwa kipaji changu.

Asubuhi, wafungwa wakihesabiwa uani mwa gereza, Mwamba alilazwa chini apigwe fimbo. Haikuwa kwa ajili yangu, adhabu hiyo ilikuwa bado. Kosa lake lilikuwa kumjibu kamishna kwa Kifaransa kizuri kuliko cha kamishna. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, na hakuna aliyeniambia. Lakini fimbo ya kwanza ilipomwangukia, mgongo wangu ulipasuka chini ya bandeji. Mtawa aliyekuwa akinilisha uji aliona mstari wa damu ukijichora kwenye shuka, na hakuna mtu aliyenigusa. Kijiko kikamwanguka. Ya pili. Ya tatu, na sauti sikioni: "Ingia, ingia." Hapo nikapiga kelele mpaka wodi nzima ikaamka: "Si kazi yangu! Niliiba! Mwamba hakunigusa!"

Habari ya mzuka hakuna aliyeiamini. Ya wizi waliiamini papo hapo, bila hata swali moja, jambo lililoniuma kidogo. Jioni Mwamba akatolewa, akitembea kama mzee. Bwana Kiko alilisugua jina langu kwa tupa, na Mwamba ndiye aliyepanda meli.

Aliporudi alikuja kwetu, akakaa, akakataa chai.

"Bale bibi ba kofia za lesi balisimama mbele ya ile mukuba, bakafanya alama ya musalaba," akasema. "Chini yake bameandika: msanii asiyejulikana."

"Angalau wameandika ukweli."

"Ndugu, ule muntu wa saba."

"Yule asiye na uso?"

"Iko nao. Mi niliuona. Ni wako. Ata ile pua." Alitazama chini. "Na nyuma yako iko mwingine. Bote ni munane sasa. Ule wa mwisho njo haina uso."

Hakuniambia kama amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza, na sasa amekufa.

Vidole vile viwili havikunyooka tena. Shingoni nina kovu linalozunguka kama kamba, ndiyo maana hamjawahi kuniona bila tai. Marafiki husema najifanya Mbelgiji, nami nawaacha waseme. Na kila nitiapo saini, hata kwenye karatasi ya mtihani ya mwanafunzi wangu, napigwa pigo moja katikati ya mabega. Mhariri amenisihi sana nitie jina kwenye kisa hiki. Nimekataa. Angalieni juu, angalieni chini: jina hamtaliona.

Nawe ukipita siku moja mahali penye maonyesho, ukakuta kazi nzuri isiyo na mwenyewe, isifu, uende zako. Usitanie hata kidogo kwamba ni yako. Kwenye kamba ile bado kuna mtu mmoja anayesubiri uso.