Alama Nyekundu Mlangoni

Afisa wa serikali anayesimamia ujenzi mpya wa maghorofa haya ya umma ana mkono mwepesi. Kila mlango huupaka alama nyekundu ya kubomolewa, akasonga mbele kabla rangi haijamchuruzikia viatuni, huku akiropoka kama mpiga mnada. Lakini ngazi za ghorofa ya tatu alizipanda taratibu, kiganja ukutani. Kwenye mlango wa kona akabisha.

“Hodi!”

Mlinzi wa jengo aliyefuatana naye akaangua kicheko. “Dada, unampigia nani hodi? Wote si wamehama!”

“Mama alikuwa akinirudisha nje nikiingia kimyakimya.”

Akasubiri. Ndani, ambako zamani redio ya baba iliwashinda wote kwa kelele, palikuwa kimya. Akamkabidhi mlinzi brashi.

“Hapa paka wewe, kaka,” akasema, mgongo keshaugeuza. “Ndogo tu.”