Katikiro Aliyekwama Mdomoni mwa Babu

Harufu ya buni zikianikwa juani hunirudisha uani kwetu Kihanga, msimu ule wa kahawa Babu alipoanza kusahau. Ukoo wetu ulimtoa katikiro, mshauri mkuu wa Mukama, mfalme wa Karagwe zamani hizo, na maisha ya mtu huyo hayakuandikwa popote. Yalikaa kichwani mwa Babu. Jioni aliwasimulia baba na baba zangu wadogo. Mimi, mtoto wa miaka tisa, niligeuza buni kwenye mkeka huku masikio yangu yako kwao. Kwetu binti hakupewa habari za ukoo, maana angeolewa azipeleke mji wa watu. Nilizijua zote kwa kuziiba.

Siku hiyo Babu alitia mdomoni buni ya kutafuna, akaanza. Mukama alimkasirikia ndugu yake, akamwamuru katikiro amuue. Mwezi ukapita, Mukama akaamka analia. "Katikiro, ndugu yangu yuko wapi?" Hapo Babu akakwama. Akarudia swali. Akarudia tena, kama yeye ndiye aliyeulizwa.

"Mzee, huyo katikiro kaenda kunywa rubisi nini?" baba mdogo akatania. Wakacheka.

"Nyamazeni," Babu akasema. "Nikiishia hapa, mtu wetu atabaki muuaji."

Jibu lilikuwa ulimini mwangu; msimu uliopita nililisikia wao wakisinzia. Nikainua kichwa. Bibi, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, akanikata jicho. "Wewe, geuza kahawa." Nikageuza. Babu alikuwa ananitazama mimi, si wao. Kahawa ile haijakauka, tukamzika migombani.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Leo binti zangu wanasema lolote mbele ya baba yao, naye anasikiliza, namshukuru Mungu. Mimi kuandika nimejua ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na kitu cha kwanza nilichoandika kwa hiari yangu ni lile jibu: "Nimemficha kwangu, Mukama, nikingoja hasira yako ipoe." Nikaenda kumsomea baba mdogo, ndiye pekee aliyebaki. Alisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono kwa huruma.

"Umelitunga vizuri, mwanangu. Lakini sisi tunajua alimuua."

Nimeapa, nimelia, hakubadilika. Daftari nimelirudisha kabatini, kando ya Biblia. Shahidi wangu ni mmoja tu, naye amelala migombani.