Siku Niliyong'oa Mlango wa Akello

Jamani, habari hii nimekaa nayo kifuani mwaka mzima, na hata sasa nikiwasimulia natamani mtazame pembeni, msinitazame usoni, kwa sababu aibu ya mtu mzima ni nzito. Nimekuwa polisi miaka ishirini na nane. Nimekamata wezi, nimeapa kortini, nimewaambia watu sheria inasemaje. Nilipostaafu nikajenga vyumba vitatu hapa Kyebando nyuma ya nyumba yangu (mizigo, ndivyo tunavyoviita huku, chumba kimoja na mlango mmoja), na mtaa mzima bado unaniita Afande. Sasa sikilizeni alichofanya huyo Afande.

Chumba cha katikati alikaa Akello, binti wa kwetu kaskazini, mumewe mwanajeshi aliyepelekwa mpakani, yeye mwenyewe mjamzito. Alipokuja sikuandika mkataba. Sheria naijua, karatasi ninazo, lakini nilisema huyu ni mtoto wa nyumbani, tunaongea lugha moja, mkataba wa nini? Hata jina la ndugu wa kupigiwa simu likitokea jambo, kama dada yake, sikumwuliza. Wala hakuwa na deni langu, hilo niliseme mapema msije mkanitetea.

Basi akapotea. Leo kufuli mlangoni, kesho kufuli, wiki ya kwanza ikaisha, ya pili nayo, simu haipatikani, nikajiambia amehama kimyakimya kumfuata mumewe. Kosa lilianzia hapo, na lilianza dogo tu. Hatua thelathini kutoka getini kwangu kuna duka la Hajati Zubeda, mwenyekiti wetu wa mtaa, mtu ambaye kila mmoja humwachia habari zake, na mimi nikaona Afande mzima hawezi kwenda kumwuliza mwanamke wa duka mpangaji wake yuko wapi. Nikanyamaza. Kisha akaja mwalimu mmoja anatafuta chumba, nikamwambia njoo na vitu vyako Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nikamwita Ssalongo, fundi seremala, na nondo yake. (Mnaijua desturi yetu wenye nyumba wa Kampala: mpangaji akikushinda huendi kortini, unang'oa mlango, upepo na macho ya watu vinamtoa. Nilipokuwa kazini niliwakemea watu kwa jambo hilohilo.)

"Afande, hii mulango imekatala," fundi akasema. "Tuvunje?"

"Vunja."

Ukapasuka katikati. Ndani vitu vyote vipo. Kitanda kimetandikwa, na juu yake nguo ndogo ndogo za mtoto zimekunjwa, kofia ya sufu, na beseni jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini pikapu ya mwalimu ilikuwa imeshafika getini, imejaa makochi, inapiga honi, imeziba njia, majirani wametoka kutazama, na mimi nikaogopa kuonekana mtu asiyejua anachofanya, nikasema toeni vitu. Tukatoa godoro, tukatoa sufuria, hadi nguo zake za ndani zikawa juu ya ua mbele ya watu wote, nami nimesimama katikati, kifua mbele, kama niko gwaride.

Ndipo Akello akaingia getini. Anatembea polepole, leso kifuani, ndani ya leso kichanga ambacho uso wake haukuzidi kiganja changu, na Hajati amemshika mkono. Honi ikanyamaza. Akatazama vitu vyake, akatazama pale palipokuwa na mlango, kisha akanitazama mimi.

"Baba, mulango yangu iko wapi?"

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, na siku zote hizo walikuwa hospitalini Nsambya, analishwa maziwa kwa matone, na daktari alimruhusu kwa sharti moja tu, alale mahali pasipo na baridi. Hajati akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo, akauinua juu watu wote wauone.

"Aliniachia mimi siku alipoondoka, kwa sababu wewe ulikuwa umelala mchana," akasema. "Ungeuliza, Afande. Hukutaka kuuliza. Na wewe ndiye unayejua kuliko sisi sote kwamba mpangaji hatolewi bila notisi na amri ya korti, hata akiwa na makosa. Huyu kosa lake lipi?"

Mwalimu akageuza pikapu akaenda zake bila kuniaga. Nikamwambia fundi ang'oe mlango wa nyumba yangu mwenyewe, ule wa mvule, aupunguze, aufunge kwa Akello kabla jua halijazama. Vitu nilivirudisha kwa mikono yangu, kimoja kimoja, mtaa mzima ukitazama, hata zile nguo za juu ya ua (hizo nilizichukua macho nimefumba). Kwangu nikatundika blanketi, likakaa wiki tatu.

Kesho yake tuliandika mkataba dukani kwa Hajati, akaugonga muhuri: muda wa notisi, jina na simu ya dada yake, na kwamba mwenye nyumba haingii bila kubisha na kukubaliwa. Akello aliusoma mara mbili kabla ya kuweka sahihi.

Nimeapa sitagusa tena mlango wa mtu, na wenye nyumba wenzangu wakinijia na hasira zao nawapeleka kwanza kwa mwenyekiti. Mtoto sasa amenenepa, akiniona ananyoosha mikono nimbebe, na mama yake ananisalimia vizuri, hajawahi kunirudishia neno la siku ile. Lakini kila jioni, akishafunga komeo, namsikia akiburuta meza kuiegemeza nyuma ya mlango ule wa mvule. Nasimama uani nasikiliza mpaka meza inyamaze, na sina haki ya kumwambia aache.