Mwalimu Aliyerudi Kuuliza Swali

Najua utasema nilisinzia. Sikusinzia. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua la mtaani kwetu Sakina linawaka, chai yangu bado ya moto. Uniamini usiniamini, haya yalinipata mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni kutengeneza simu kibandani. Nikipata nafasi naungana na watu wa kujitolea wanaorekebisha lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo ni mali ya wote na haina bosi. Sheria yetu kubwa ni moja: marekebisho yako hayaingii mpaka mwenzako ayasome na kuweka jina lake. Msomaji wangu alikuwa Mwalimu, mstaafu wa hisabati, mwenye kahawa na migomba yake huko juu, miteremkoni mwa Mlima Meru.

Basi nilirekebisha namna lugha hiyo inavyohifadhi mafaili. Mwalimu akaniandikia: "Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, itakuwaje?" Nikakasirika. Mimi nimehangaika wiki mbili, yeye ananiuliza habari za umeme. Sikumjibu. Kiburi tu, sina neno lingine. Siku ya kumi tukapata habari kwamba amefariki. Nilipanda kumzika, na udongo niliutupa kwa mkono huu.

Alhamisi iliyofuata nainua macho, Mwalimu huyo hapo, ameketi kwenye stuli ya wateja. Wewe ungefanyaje? Ungemwambia mzee usoni kwamba yeye ni marehemu? Mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Swali langu ulilipata?"

"Nililipata. Sikukujibu. Nisamehe."

"Zahanati ya kwetu wanatumia programu ya lugha hiyo kuandikisha watoto waliochanjwa. Hebu jaribu."

Nikaandika majina ya uongo, nikaanza kuyahifadhi, nikachomoa waya wa kompyuta katikati. Nilipowasha tena, faili lilikuwa tupu. Kumbe nilikuwa nafuta la zamani kabla jipya halijakamilika. Nikawafikiria wale watoto, nikaona aibu mpaka machozi yakanitoka.

"Usilie. Rekebisha," akasema kwa upole.

Nikarekebisha, nikachomoa tena waya, na safari hii majina yalibaki. Akaniomba nimsomee, maana miwani ameiacha nyumbani. Nikasoma mstari kwa mstari, yeye anaitikia "enhe." Mstari wa mwisho haukuitikiwa. Nilipogeuka, stuli haikuwa na mtu.

Wenzangu walilisoma lile swali lake la zamani, wakachomoa waya wenyewe, wakakubali marekebisho yaingie na jina lake kama msomaji. Habari ya stuli sikuwaambia. Mpaka leo nasoma kazi yangu kwa sauti, wateja wanadhani naongea na simu zao. Yule mzee simwogopi. Namkumbuka sana.

Ila wewe usijidanganye. Kama kuna mtu amekuuliza jambo ukamnyamazia, mjibu leo. Mimi nilibahatika tu kuulizwa mara mbili.