Tiki ya Kijani

Ofisini walimwita Mama Seva, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, jina hilo lilimkaa vizuri. Alikuwa amerithi programu ya Java inayopokea picha za skani kutoka hospitali ndogo za mbali na kuzifikisha kwa madaktari bingwa. Ni mafaili makubwa mno. Ya mgonjwa mmoja tu huzidi filamu kadhaa.

Asubuhi moja fundi wa skani wa hospitali mojawapo alimpigia.

"Dada, kuna binti hapa jicho linamvimba. Picha zake tulishatuma, tiki ya kijani tukaiona. Mbona daktari yuko kimya?"

"Subiri kidogo, kaka, niangalie."

Akatafuta kwenye seva. Hakuna kitu.

Akaufungua msimbo wa programu. Programu ilijaribu kulimeza faili zima kwenye kumbukumbu ya mashine kabla ya kulihifadhi. Faili dogo lilipita. Kubwa liliikaba, na kila kitu kikapotea. Hilo ni kosa la kawaida. Kilichomtia kinyaa ni mistari ya chini yake: hitilafu ikitokea, nyamaza, mtumaji aonyeshwe tiki ya kijani.

Mate yakamjaa kinywani kama mtu aliyebugia maziwa yaliyochacha. Akampigia aliyeiandika, ambaye siku hizi yuko kampuni nyingine.

"Usinilaumu, dada yangu," jamaa akacheka. "Malalamiko yalizidi. Mkubwa akasema hataki kuona nyekundu kwenye skrini. Nikampa kijani."

"Na wagonjwa?"

"Mimi daktari?"

Mama Seva akakata bila kuaga, akaifuta simu kwa upindo wa gauni kana kwamba ilidondokea jaani.

Ile mistari aliifuta papo hapo, kisha akaziomba hospitali zote zitume upya. Akaiandika upya programu iwe inapokea faili vipande vipande, kila kipande kikienda moja kwa moja kwenye diski, kinachokwama kitumwe tena, na tiki isitokee mpaka faili limetimia. Wakati anahangaika, skrini ya ukutani inayoonyesha hali ya kila faili ilikuwa nyekundu tupu, maana sasa kila lililokwama lilionekana. Mkubwa akashuka mbio, kijiti cha meno mdomoni.

"Umefanya nini? Wafadhili wanakuja mwezi huu!"

"Nimeacha kudanganya, bosi."

"Rudisha kama ilivyokuwa!"

"Sirudishi. Andika mwenyewe."

Mkubwa hajui kuandika hata mstari mmoja. Akatema kijiti sakafuni, akaondoka.

Picha za yule binti zilifika. Bingwa alizisoma siku hiyo hiyo, binti akafanyiwa upasuaji, akapona. Jicho halikuokolewa.

"Wangeziona mapema lingebaki," fundi wa skani alimwambia kwenye simu.

Wafadhili walipokuja, Mkubwa alisimama mbele ya skrini, sasa ya kijani cha kweli, akijisifia "mfumo wetu wa kisasa". Watu wakapiga makofi. Akamwendea Mama Seva, tabasamu limemjaa uso, akamnyooshea mkono mbele ya wageni wote. Mama Seva akauangalia tu, mikono yake ameikunja kifuani, mpaka mwenyewe akaurudisha mfukoni.