Mfuko wa Afande Mkavu

Mjomba wangu ana wivu, jamani. Nampenda sana, lakini ana wivu.

Kazi yake ni kutafsiri filamu. Anakaa pembeni ya skrini kwenye ukumbi wa video nyuma ya gereji, kipaza sauti mkononi, filamu inaongea lugha yake na yeye anaongea Kiswahili juu yake. Anatoa sauti ya jambazi, ya mama mkwe, hata ya mbwa. Lugha yenyewe anaijua nusu tu. Nusu nyingine inatoka kichwani mwake, na hiyo ndiyo tamu.

Iliyompa jina ni filamu moja ya zamani, ya kituo cha polisi ambacho wote wanakula rushwa, kuanzia mkubwa hadi wa getini, isipokuwa askari mmoja. Mjomba akambatiza Afande Mkavu. Sasa, diski ya mjomba ina mkwaruzo. Mkubwa anasukuma bahasha juu ya meza, halafu picha inaruka, unamwona Afande Mkavu anashuka ngazi. Kuziba lile pengo mjomba akamtungia maneno: "Mkubwa, mfuko wangu una tundu. Ukitia kitu kitadondoka, na mke wangu hajui kushona."

Basi yale maneno yakatoka ukumbini yakaingia mtaani. Fundi gereji akiletewa spea za wizi anasema mfuko una tundu. Kuna askari wa barabarani hapa kwetu, ukimpenyezea kitu anajigonga mfukoni na kukuambia una tundu. Alikulia kwenye benchi la mbele la ukumbi ule ule. Mjomba akimwona anavimba kama ndiye aliyemzaa.

Shida ikaanza na Kinanda. Huyu alikuwa anauza soda pale ukumbini, mjomba mwenyewe akamfundisha kutafsiri. Ana sauti nzito ya kubembeleza, ndiyo maana wanamwita Kinanda. Ghafla mama mwenye ukumbi akatangaza kwamba Jumapili mchana Kinanda ndiye atakayemtafsiri Afande Mkavu, kwa nakala mpya isiyo na mkwaruzo. Watu wakimpenda, kiti ni chake moja kwa moja.

Wiki ile nyumbani hapakukalika. Mjomba alisema sauti ya Kinanda ni ya mbuzi anayesoma taarifa ya habari. Chai akaiona chungu. Mtu akipita dirishani anapiga mluzi, mjomba anauliza kama ni shabiki wa Kinanda. Anti, mke wake, akachoka.

"Baba watoto, ungenionea mimi wivu namna hii, hata nusu yake, ningenenepa."

"Wewe hujaibiwa filamu," mjomba akamjibu.

Jumapili akasema haendi. Halafu akavaa kofia ya baridi, jua linawaka, akanivuta tukakaa benchi la mwisho. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, na hilo nalo likamuuma. Kinanda akaanza, na jamani, nisiwe mnafiki, alikuwa mzuri. Kila watu walipocheka, mjomba alinifinya mkono mimi.

Tukafika kwenye bahasha. Mkubwa akaisukuma, na ukumbi mzima, bila kuulizwa, ukasema kwa pamoja: "Mfuko wangu una tundu." Nikamwona mjomba anatabasamu chini ya kofia.

Ila safari hii picha haikuruka. Afande Mkavu akaichukua bahasha. Akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Kinanda akatafsiri kilichosemwa, taratibu: "Nashukuru, mkubwa."

Ukumbi ukapoa. Halafu ukawaka. Wakasema Kinanda kaleta filamu feki, kamchafua afande wao. Watu wakasimama, wengine wakaanza kudai kiingilio chao. Kinanda anasema subirini, subirini, nani anamsikia. Mtu akageuka nyuma, akamtambua mjomba.

"Mzee, tuambie wewe. Huyu afande anakula au hali?"

Nikajua yameisha. Angesema neno moja tu, feki, na kiti kingerudi kwake. Lakini mjomba alikuwa ameganda, anaangalia skrini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ile bahasha ya mahakamani." Maana mwisho wa filamu kuna bahasha juu ya meza ya hakimu, na miaka yote mjomba hakujua imetoka wapi, akawa anatuambia ni barua ya mke wa afande, anaomba arudishwe nyumbani.

Alimwangalia Kinanda kama mtu anayeangalia jino linalomuuma. Kisha akavua kofia na kusimama, na sauti yake haihitaji kipaza.

"Kaeni. Hajaila, anaipeleka kuwa ushahidi. Mngojeeni."

Wakakaa. Bahasha ilipotua mbele ya hakimu, ule ukumbi ulilipuka kwa makofi ambayo mjomba hajawahi kupigiwa, na yote yalikuwa ya Kinanda. Mjomba alikalia mikono yake.

Kiti kikaenda. Mjomba akabakiwa na filamu za karate za Jumatano. Nje, Kinanda akaja mbio, amejaa adabu.

"Mwalimu, bila wewe leo ningepigwa. Naomba basi nitumie na yale maneno ya tundu. Nitasema ni yako."

"Hapana," mjomba akasema. "Bahasha umechukua. Tundu niachie."

Na Kinanda, namheshimu kwa hili, hajawahi kuyasema. Kila filamu ile ikirudi, akifika pale anashusha kipaza na kunyamaza, ukumbi wenyewe unayasema yote, huku afande kwenye skrini anaweka bahasha mfukoni vizuri tu. Haileti maana yoyote na hakuna anayejali.

Kwetu inasikika hadi sebuleni. Mjomba anafunga dirisha, anabakiza upenyo, anatega sikio.

"Wanaharakisha," ananiambia. "Pale kwenye 'mke wangu hajui kushona', mtu unavuta pumzi kwanza. Hawajui."

Yaani sasa anawaonea wivu watazamaji.