Magome ya Kichanja cha Samaki

Asubuhi niliyopata kazi hii sikuwa natafuta kazi. Nilitoka kwetu Litembo, milimani, na shuka na sufuria ndogo, sijui ninakokwenda, kama nilivyofanya mara nyingi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Mke wangu aliniuliza tu, "Utarudi kabla ya kuchuma kahawa?" Nikasema ndiyo, naye hakuniamini. Nilishuka kwa njia za miguu hadi Mbinga. Karibu na stendi nikamwona mama mmoja amepiga magoti mtaroni, anang'oa magugu kwa kisu na kuyalaza juu ya gazeti taratibu.

"Shikamoo mama. Umepoteza kitu?"

"Marahaba. Sijapoteza, nakusanya. Mmea huu kwenu mnauitaje?"

Nilimtajia jina kwa Kimatengo, kisha kwa Kinyasa, maana nilikwisha kukaa ziwani misimu miwili nikivuta nyavu. Akauliza unatibu nini. Nikamjibu kwamba watu wa milimani huoshea vidonda, watu wa ziwani hulishia mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kabla ya saa sita nilikuwa nimembebea mzigo, na jioni nilikuwa kibarua wa mradi wake.

Tulimwita Mama Mtafiti. Alikuwa mtaalamu wa mimea, na mradi, uliotafuta dawa katika mimea, ulikuwa na kituo kidogo pale mjini. Alinifundisha kukata tawi lenye ua au tunda na kulibana kati ya magazeti kwa mbao mbili. Hiyo ni sampuli ya ushahidi. Atakayebisha miaka ijayo aone tulizungumzia mmea gani. Magome unachukua upande mmoja wa shina, ukibandua kuzunguka shina lote mti unakufa. Unayakausha kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu baadhi ya vilivyomo. Halafu lebo: mahali, siku, nani amekueleza, umekaushaje. "Usiandike unachokumbuka," alisema. "Andika unachokiona."

Bosi wa pili alikuwa Mkuu wa Maabara, mfamasia mrefu mwenye sauti ya chini. Yeye alisaga magome, akayaloweka kwenye spiriti, akaivukiza mpaka ikabaki dondoo, kiini cha magome, nzito kama asali ya zamani. Dondoo ilidondoshwa kwenye vipande vidogo vya karatasi, navyo vikawekwa juu ya sahani za kioo zilizopandwa bakteria. Kesho yake tukifungua, kama dondoo inaua, karatasi imezungukwa na duara safi lisiloota kitu. Duara tulilipima kwa rula. Siku nyingi hapakuwa na duara. Nilijifunza kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ni kutazama sahani ambayo hakuna kilichotokea, na kuandika hivyo hivyo.

Mwaka wa tatu nilitumwa Lipingo, kijiji cha ziwani, peke yangu, masika. Nilifikia kwa Bibi Eliza, mjane aliyejua miti kuliko yeyote niliyemjua. Alinionyesha mti wa kando ya mto, ambao jina lake silitaji kwa sababu si langu kulitoa. Nilichukua magome, nikayatandaza barazani. Mvua haikukatika. Siku ya nne yalianza kuota ukungu.

"We Mmatengo, unalilia magome?" Bibi alisema. "Yaweke bandani kwenye kichanja, pamoja na samaki. Usipa wangu mbona wanakauka!"

"Yatanuka samaki, bibi."

"Basi wagonjwa watapata na kitoweo."

Kichanja ni uchaga wa miti juu ya moto mdogo unaofuka moshi, ndivyo watu wa ziwani wanavyookoa samaki wakati wa mvua. Siku mbili tu magome yalikauka. Kwenye lebo nikaandika kama nilivyozoea: yamekaushwa kivulini. Sikudhani nadanganya. Banda lilikuwa na paa, na chini ya paa ni kivuli.

Wiki mbili baadaye Mkuu wa Maabara aliniita. Juu ya meza palikuwa na sahani yenye duara ambalo sijapata kuona, pana kama kifuniko cha chupa ya soda. Mama Mtafiti alikuwa amesimama, ameshika mashavu.

"Kaa, Msafiri," alisema mkuu; ndivyo walivyoniita. "Umetuletea kitu. Taarifa inakwenda kwa wafadhili Ijumaa. Na nimependekeza uajiriwe rasmi. Kibarua basi."

Nilimpigia simu mke wangu palepale uani. Akauliza, "Kweli safari hii?" Nikasema kweli.

Jioni niliingia stoo kuutazama unga wa yale magome yangu. Nikafungua kopo, nikanusa. Samaki wa moshi.

Nilikaa juu ya gunia. Sikuwa na elimu, lakini nilijua kwa nini samaki wa kichanja haozi upesi: moshi unazuia vijidudu. Kama unavizuia kwenye samaki, ungeshindwaje kwenye sahani? Siku mbili nilizunguka Mbinga bila kula vizuri. Hakuna aliyejua ila mimi na Bibi Eliza, na Bibi hakuwa anasoma taarifa. Alhamisi asubuhi nikaingia maabara.

"Mkuu, yale magome hayakukauka kivulini. Yalikauka kwenye moshi wa samaki."

Aliweka kalamu chini. "Lebo aliandika nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mkono ulizoea."

Hakupiga kelele. Tulisimamisha taarifa. Akakausha maganda ya mahindi, ambayo si dawa ya kitu, juu ya moshi, akayafanyia yote tuliyoyafanyia magome. Kesho yake maganda yalitoa duara lilelile. Magome mapya ya mti uleule, niliyoletewa kutoka Lipingo nikayakausha kwa upepo, hayakutoa kitu. Akafungua daftari la maabara. Pale hakifutwi kitu. Unakata kwa mstari mmoja ili chini yake pasomeke, unatia sahihi. Akanisukumia kalamu. "Saini wewe."

Barua ya ajira haikuja. Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Basi njoo uchume kahawa," nami nikaenda.

Baada ya mavuno nilirudi Lipingo kumwambia Bibi kwamba mti wake hauui bakteria. Nilidhani atahuzunika.

"Nani alikwambia unaua?" alishangaa. "Sisi tunampa mtu anayesokotwa na tumbo, litulie. Uliniuliza mti, hukuniuliza unafanya nini."

Tangu hapo nilianza na matumizi: nani anakunywa, lini, kiasi gani, ameandaaje, mtoto anapewa? Kurasa za kila mmea zikawa ndefu, na Mama Mtafiti akalalamika karatasi zinaisha. Nilibaki kibarua, mwaka kwa mwaka, mlimani na ziwani, mpaka magoti yalipokataa miteremko.

Siku ya kuacha kazi hapakuwa na hafla, kibarua haagwi. Nilirudisha mbao za kubania na ufunguo wa stoo. Mkuu wa Maabara, naye mvi zimemjaa, alikuwa anapokea magome kutoka kwa vijana wapya, anayanusa kopo baada ya kopo, anawauliza mmoja mmoja yalikaukia wapi. Akasimama kunipa mkono.

"Unaona kazi niliyonayo?" alisema. "Magome yako sikuwahi kuyanusa tangu siku ile."